Futi Saba za Shamba la Kinu

Nimekuja kumzika, ndugu aliyenizidi,
Moyo ungali wawaka, wivu haujaburudi.

Baba Mchungaji, shemeji yangu Hester, binti yetu Winifred, wajumbe wa baraza la mashamba, majirani na marafiki mliokusanyika leo, Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1974, katika Kanisa la Mtakatifu Oswald hapa Ossenby, mimi ni Clement Saxelby, mdogo wake marehemu, na ninasoma historia ya kaka yangu Ambrose kwa sababu mjane wake alinitaka nifanye hivyo, nami nilipomwomba atafute mtu mwingine alinijibu huku akimenya viazi, bila kuinua macho: "Shemeji, soma wewe, hakuna aliyemtazama mume wangu kwa muda mrefu kama wewe, ila usimpambe." Sitampamba.

Marehemu Ambrose Saxelby alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 3 Machi 1906, katika nyumba ya matofali mekundu inayotazamana na kisima cha kijiji, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Reuben Saxelby, mkulima, na marehemu Charlotte, mkewe, na mimi nilizaliwa katika chumba kile kile tarehe 19 Mei 1908, miaka miwili na miezi miwili na ushei baadaye, na muda huo, ambao kwa mtu mwingine ni mfupi, ndio uliompa yeye jina la babu, kitanda cha dirishani, na haki ya kushika plau kabla yangu. Nilikikodolea macho kitanda kile cha dirishani utoto wangu wote, kwa maana kutoka pale mtu aliona Shamba la Kinu lote mpaka kwenye kinu chenyewe, jengo la mawe la kusagia nafaka, na mimi kutoka kwenye kitanda changu cha ukutani niliona mgongo wa kaka yangu.

Alianza masomo mwezi Septemba 1911 katika shule ya kijiji, chini ya mwalimu wetu Bibi Pinder, akahitimu mwezi Julai 1919, na katika miaka hiyo minane alishinda zawadi ya hesabu mara tano, nami nikaishinda mara moja, mwaka alipokuwa kitandani na surua. Nilipopanda ngazi kwenda kumwonyesha, alikaa akanipongeza kwa dhati, vipele uso mzima, akaniomba nimsomee maswali yote ili ajue yalikuwa magumu kiasi gani, akayajibu mawili ambayo mimi nilikuwa nimeyakosa, na furaha yangu ikaishia pale.

Kazi ya marehemu ilikuwa kulima, na kwa ajili ya ndugu waliotoka mjini niseme kwa ufupi kwamba sisi wa Ossenby tunalima kama walivyolima waliotutangulia kabla mnara wa kanisa hili haujajengwa, katika mashamba makubwa matatu yasiyo na ua, la Kinu, la Magharibi na la Kusini, kila nyumba ikiwa na kanda zake nyembamba zilizotawanyika katikati ya kanda za wengine, shamba moja likiota ngano, la pili shayiri au maharage, na la tatu likipumzika mwaka mzima na kulishwa kondoo wa wote. Vijiji vilivyotuzunguka viligawanywa na kuzungushiwa ua tangu enzi za mababu wa babu zetu, na cha kwetu kilisalia kwa sababu kilikuwa na mabwana wawili wenye ardhi, kila mmoja akihofia kwamba mwenzake angepata nusu iliyo bora, wakabishana miaka sitini mpaka wakafa wote bila kugawana, na kwa hiyo wasomi wanapokuja na madaftari yao kutusifu kwa umoja wetu mimi huwa siwakatizi. Mashamba haya yaliokolewa na wivu, na nadhani ndiyo maana nimeishi humo kwa raha.

Kinachotulinda sisi kwa sisi ni baraza la watu kumi na wawili, ambao Alhamisi ya mwisho ya Novemba hula kiapo, hutembea shamba lililopandwa ngano mwaka ule, hutazama mfuo mmoja mmoja wa mpaka, yaani mtaro wa plau unaotenga kanda mbili, hupigilia kigingi kipya mwisho wa kila ukanda upande wa barabara, kwa maana vigingi vya zamani huwa vimeoza au vimeng'olewa na kondoo, na humtoza faini aliyemegea shamba lake ardhi ya jirani, kisha wote, mwizi na aliyeibiwa, huketi meza moja kwenye kilabu cha Mganda wa Ngano wakala pai ya nyama ya nguruwe na vitunguu vya siki. Marehemu aliingia katika baraza hilo mwaka 1930, akiwa na miaka ishirini na minne, akawa mkuu wake kuanzia Novemba 1938 hadi mwaka jana, miaka thelathini na mitano, na katika muda wote huo mimi niliteuliwa mjumbe mara moja tu, mwaka ambao nilivunjika mguu.

Mwezi Machi 1932, baba yetu alipoacha kazi, alitupa kanda mbili zilizopakana katika Shamba la Kinu, Ambrose akapewa ya juu, ambayo maji hayatuami, nami nikapewa ya chini, ambayo kila Februari bata hukaa humo kama wamepanga, na siku hiyo baba alitupeleka sote wawili kwenye kisiki cha mti wa miiba kilicho kando ya barabara, akatushika mabega. "Tazameni pembe ya kushoto ya kinu," akasema. "Kutoka kisikini mpaka pembe ile, huo ndio mpaka wenu. Vigingi vitaoza, mimi nitakufa, pembe ile haiendi popote." Baba alifariki mwaka uliofuata, na kinu kikabomolewa mwaka 1947, mawe yake ya msingi yakafunikwa na majani, na tangu hapo waliojua mpaka ule unapita wapi walikuwa wawili katika dunia nzima.

Naja sasa kwenye ndoa. Marehemu alifunga ndoa katika kanisa hili siku ya Jumamosi, tarehe 27 Aprili 1935, na Hester Brumby, binti wa fundi wa magurudumu, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake, na kabla ya hapo, kama wakongwe wenzangu wanavyokumbuka ingawa kwa heshima wamenyamaza miaka arobaini, mimi ndiye niliyekuwa natembea na Hester. Nilimleta nyumbani kunywa chai Jumapili moja ya Oktoba 1933, nikiwa nimevaa kola ngumu iliyonikata shingo, na Ambrose akaingia kutoka zizini, buti zake zikiwa na tope mpaka magotini, akamwambia, "Sogea kidogo, dada, tope hili ni la ukanda wa Clement, la kwangu nimeliacha nje kwa heshima yako." Hester alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nilikuwa nimetembea naye miezi saba, na sikuwa nimewahi kukisikia kicheko kile.

Sitaki mtu yeyote afikiri kwamba niliibiwa, kwa sababu mtu si ukanda wa shamba na Hester alichagua mwenyewe, tena alikuja kuniambia mwenyewe, kwenye lango la kanisa, mchana kweupe: "Clem, nikiolewa nawe kwa huruma utanichukia kabla ya Krismasi." Alisema kweli. Mimi nilimwoa marehemu Edna Footitt tarehe 14 Juni 1941, mwanamke mwema aliyenitunza mpaka alipofariki mwaka 1966, hatukujaliwa watoto, na katika miaka hiyo yote hakuniuliza hata mara moja kwa nini nilipenda kula nikiwa nimekaa mkabala na dirisha linalotazama nyumba ya kaka yangu, na kwa hilo namwomba radhi leo, kwa kuwa sikumwomba akiwa hai.

Mwezi Oktoba 1935, miezi sita baada ya harusi, ilikuwa zamu ya Shamba la Kinu kupandwa ngano. Mfuo wa mpaka una kanuni moja ambayo kila mtu hapa anaijua, kwamba zamu moja udongo hugeuzwa kwenda upande huu na zamu inayofuata hugeuzwa kwenda upande wa pili, ili mpaka ubaki palepale, na mwenye kuugeuza kila zamu kuja upande wake, bila kugusa kigingi chochote, huusogeza mpaka kuingia kwa jirani kidogo kidogo, kama nusu futi kila zamu, na jirani asipokuwa makini haoni. Mwaka ule, zamu ya udongo kwenda kwa Ambrose, nilifika mwisho wa ukanda nikiwa na farasi wetu Bonnie, nikamwona Hester anapita barabarani na kapu, akampungia mtu mkono nyuma yangu, nikageuka kutazama na nikamwona ni Ambrose, na niliporudisha macho kwenye plau niliugeuza udongo kuja kwangu.

Novemba ile baraza lilipita, na mkuu wa wakati huo, mzee Septimus Wragg, alisimama juu ya mfuo wetu akaugonga kwa fimbo. "Ambrose, hapa ni kwako," akasema. "Una malalamiko?" Kaka yangu, aliyekuwa mjumbe na nyundo mkononi, aliutazama mfuo, akanitazama mimi, akajibu, "Sina, mzee," kisha akapigilia kigingi. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba kumbe mshindi wa zawadi za hesabu hana macho, nikala vizuri siku hiyo. Zamu iliyofuata nikarudia, na iliyofuata, kila baada ya miaka mitatu, mwaka 1938, 1941, 1944, nikaendelea hivyo, sasa yeye akiwa mkuu wa baraza, na kila mara alifika kwenye mfuo wetu akasema, "Hapa ni sawa, tuendelee." Mwaka 1971 Horace Dabell, ambaye amekaa pale mbele na anaweza kunisahihisha, alimwambia waziwazi, "Bwana Mkuu, mfuo huu umepinda kama mundu, watu wa Saxelby mnalima mkiwa mmelewa nini?" na marehemu akamjibu, "Sisi hulima kabla ya kunywa, Horace, nyinyi ndio mnaobadilisha utaratibu," wakacheka wote, na kigingi kikaingia pale nilipotaka mimi.

Marehemu na mkewe walijaliwa mtoto mmoja, Winifred, aliyezaliwa tarehe 12 Februari 1938, ambaye tangu mwaka 1955 amelima bega kwa bega na baba yake, na ambaye kuanzia wiki hii ndiye mrithi wa kanda zake zote. Ni mkulima bora kuliko baba yake na kuliko mimi, na nilipomwona kwa mara ya kwanza amekaa juu ya trekta, mfuo ukinyooka nyuma yake kama kamba iliyovutwa, nilihisi kitu kifuani ambacho nilikitambua mara moja, kwa kuwa tulikuwa tumeishi pamoja tangu mwaka 1908.

Jambo moja zaidi la kazi yake lazima lisemwe. Jumanne, tarehe 9 Machi 1954, wakala wa mwenye ardhi, mrithi wa wale mabwana wawili, alituita shuleni akapendekeza kanda zote ziunganishwe na kila mkulima apewe shamba lake moja lenye ua, nami nilikuwa wa kwanza kuinua mkono kukubali, kwa sababu niliota ua mrefu kiasi cha kutomwona mtu. Ambrose aliinuka polepole, kofia mkononi, akasema, "Mabwana, tukishajifungia kila mtu ndani ya ua wake, nani atatuambia kwamba mfuo umepinda?" Chumba kizima kilicheka, pendekezo likaanguka kwa kura kumi na tisa dhidi ya nne, na mimi nilirudi nyumbani nikiwa na homa, kwa sababu aliposema neno la mwisho hakuwa akimtazama wakala.

Marehemu alianza kuugua mwezi Januari 1973, maradhi ya mapafu yaletwayo na vumbi la majani makavu yaliyoota ukungu, ambayo wengi wetu tunayajua, akalazwa hospitalini Newark mara mbili, mwezi Machi na mwezi Agosti mwaka huu, na baada ya hapo akaomba arudishwe nyumbani. Hata ugonjwani alinizidi, maana mlango wake haukufungwa kwa wageni, na nakumbuka nikihesabu baiskeli zilizoegemezwa ukutani kwake na kujiuliza siku yangu zitakuwa ngapi. Mwezi uliopita, alipokuwa hawezi kusimama na Winifred akiwa mjini anamfuatilia dawa, aliniomba nimlimie ukanda wake pamoja na wangu, nikalima zote mbili kwa siku moja, peke yangu, hakuna aliyenitazama, Hester hakupita barabarani na Ambrose hakuwa nyuma yangu, na nilipofika kwenye mfuo wa mpaka niliugeuza udongo kuja kwangu.

Siku ya Jumatano, tarehe 6 Novemba, saa kumi alasiri, aliniita kando ya kitanda, akamwomba Hester atupishe, akaniuliza, "Umelima?"

"Nimelima."

"Na mfuo wetu umeugeuzia wapi?"

Nilitazama buti zangu. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo kikatulia. "Kwako tena," akasema. "Clem, mdogo wangu, mara kumi na nne. Nimehesabu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ya kwanza. Mfuo ule ulinyooka mno, haukuwa umeanza kupinda. Ulipoanza kuiba ndipo ulipolima vizuri."

"Mbona hukusema, kaka?"

"Nilikuchukulia Hester. Nikafikiri labda ardhi itakutosha. Je, ilikutosha?"

"Haikunitosha."

"Basi mrudishie Winnie," akasema, akafumba macho, nami nikadhani amelala, lakini akaongeza, "Na mama alikupenda wewe. Mimi nilipewa kitanda cha dirishani kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na baridi. Usiku kucha nilikusikia unakoroma kwenye joto, nikatamani nikurushie kiatu."

Alifariki siku ya Jumapili, tarehe 17 Novemba 1974, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake, mkewe na binti yake wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane na miezi minane.

Nisingependa mdhani kwamba maneno yake yalinigeuza pale pale. Siku moja baada ya kifo chake nilikaa kwenye meza yangu nikawaza kwamba sasa ninayeujua mpaka ni mimi peke yangu, na kwamba ningenyamaza mpaka Alhamisi tu, kigingi kingeingia ardhini mara ya kumi na nne, na mbele ya baraza ardhi ile ingekuwa yangu moja kwa moja. Nilikuwa bado nawaza hivyo Winifred alipobisha mlango, macho yakiwa mekundu, akaniambia, "Baba Mdogo, samahani kukusumbua na msiba huu, ila Alhamisi baraza linapita, na mimi mpaka wetu siujui vizuri. Baba alisema nisimuulize mtu mwingine, nikuulize wewe tu, alisema wewe ndiye unayeujua kuliko yeye." Kaka alikuwa hajazikwa, na tayari alikuwa amenizidi tena.

Kwa hiyo nasema mbele ya Baba Mchungaji, mbele ya mjane, na mbele ya Bwana Horace Dabell, mkuu mpya wa baraza, kwamba nimeuhamisha mpaka wa ukanda wa Ambrose Saxelby katika Shamba la Kinu mara kumi na nne, nusu futi kila mara, jumla futi saba, na kwamba jana asubuhi nilifukua majani pale kinu kilipokuwa, nikalipata jiwe la pembe ya kushoto, nikavuta kamba kutoka kisikini, na futi saba hizo nilizipima mwenyewe. Naomba nitozwe faini yangu kama mtu mwingine yeyote. Inanipasa pia niseme kwamba kaka yangu, akiwa mkuu wa baraza, alikula kiapo cha kutopendelea mtu na akakivunja mara kumi na mbili kwa ajili yangu, na nakiri kwamba ninapolitamka hili nasikia raha kidogo, kwa kuwa ni doa la pekee nililowahi kulipata kwake, kisha raha hiyo inanitoka, kwa kuwa doa lenyewe ni mimi. Shemeji Hester, uliniambia nisimpambe.

Familia inamshukuru Daktari Pell, aliyekuja kila Jumanne na Ijumaa hata barabara ilipofunikwa na maji, wauguzi wa hospitali ya Newark, Nesi Muriel aliyemgeuza kitandani kwa mikono ya upole, majirani waliokamua ng'ombe wake tangu Agosti bila kupangiwa zamu, wajumbe wenzake wa baraza watakaolibeba jeneza, na Baba Mchungaji aliyetupa nafasi hii bila kuuliza karatasi zangu zina urefu gani. Baada ya maziko mnakaribishwa kwenye kilabu cha Mganda wa Ngano, pai ipo, na atakayetaka kukaa meza nyingine mbali na mimi sitamlaumu.

Kaka, shamba lako la mwisho ni la futi saba pia, jembe langu halitalifikia, lala humo kwa utulivu.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, nitakuwa kwenye kisiki cha mti wa miiba pamoja na Winifred. Tulioonyeshwa mpaka ule tulikuwa wawili, na aliyetuonyesha alikuwa mmoja. Aliyebaki amesimama ni mimi.